Mgeni Anayekuja Kusikiliza Neno

Ijumbi, Muleba
Jumapili, 12 Novemba 2023

Kaka Evarist,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku tuko wazima. Mama naye mzima, ila macho sasa yamegoma kabisa. Mchana anaujua kwa joto la jua usoni. Senene wameanza kuanguka. Wa kwanza nilimkaangia yeye, akala wachache akasema hawana ladha ya zamani, maneno yake yale yale ya kila mwaka. Mnyauko umeingia upande wa chini wa kibanja na nimeng'oa migomba mingi kwa mikono yangu, nikawa kama nazika watu. Protase, mwenyekiti wetu wa jumuiya, anakusalimu. Anasema wewe mwalimu ulistaafu kazi ukastaafu na ndugu.

Naandika karatasi, nampa Kyaruzi anayeleta ndizi mjini, kwa sababu humu ndani ukiongea kwenye simu umeongea na mama. Macho yamekwenda, masikio yameongezeka.

Jambo lenyewe ni hili. Kwaresima Protase alihimiza kila nyumba isome Biblia kidogo kila jioni. Wengine walisoma wiki mbili wakarudi kwenye redio. Mama yetu akang'ang'ania. Alisema maisha yake yote amemsikia Mungu kwa vipande vya Jumapili, kipande leo, kingine wiki ijayo, na sasa anataka kumsikia mzima, toka mwanzo hadi mwisho, ili amjue. Basi kila jioni, kabla sijapakua chakula, nasoma sura tatu au nne katika ile Biblia ya babu, baba yake mama, yule Mlutheri. Palipo pagumu namweleza kwa Kihaya. Nakwambia ukweli kaka, nilianza kwa kumridhisha. Siku hizi saa ya kusoma ikikaribia mimi ndiye ninayeharakisha kuosha mikono.

Jana tumemaliza Malaki, Agano la Kale likaisha. Nikiwa nafunga kitabu, mama akasema taratibu: "Siku tutakapomaliza kitabu hiki, kuna mtu wa nyumba hii ataondoka." Nikamuuliza mtu gani. Akasema niweke kiti pale karibu na mlango, mgeni amesimama muda mrefu.

Nilitazama mlangoni. Hapakuwa na mtu. Kiti nimeweka, ningefanyaje? Kaka, mama anaaga. Niambie niache kusoma au niendelee.

Mdogo wako,
Dativa

*

Nyanga, Bukoba
Jumapili, 3 Desemba 2023

Mdogo wangu Dativa,

Milele amina. Barua yako Kyaruzi aliikalia siku nyingi, imefika inanuka ndizi mbivu. Mimi sijambo. Mvua imenyesha mpaka barabara ya huku kwangu imegeuka mto. Jirani zangu Hussein na mkewe Nasma wananiangalia vizuri. Nasma ananiletea uji kila asubuhi hata nisipoomba. Mwanangu wa Dodoma amepiga simu, wajukuu wamekua.

Kuhusu mama, usinichekeshe. Mwanamke aliyezika mume, wakwe na mashemeji wote hatishwi na Malaki. Wazee wakishaanza kusikia sana hawachelewi kuona. Kumkataza kusoma Neno siwezi, na wewe usijaribu, maana atakutangaza mbele ya jumuiya nzima. Lakini hakuna sheria inayosema lazima msome sura tatu. Someni moja. Siku nyingine nusu. Pale kwenye majina ya ukoo wa Yesu tulia, mweleze mmoja mmoja. Nilifundisha miaka mingi, najua jinsi somo linavyoweza kurefushwa hadi kengele ilie.

Krismasi sitaweza kuja. Miguu imevimba kidogo, ni uzee na viatu vya mtumba. Nakutumia sukari na sabuni kwa Kyaruzi. Mwambie mama nitakuja Pasaka.

Kaka yako,
Evarist

*

Ijumbi
Jumapili, 28 Januari 2024

Kaka Evarist,

Shikamoo. Sukari imefika, sabuni Kyaruzi anasema ilidondoka njiani. Krismasi tulikula wenyewe, na sahani yako mama alikataa tuiondoe. Kahawa ya mwaka huu si mbaya. Yule mbuzi mweusi amezaa mapacha.

Nimefanya ulivyosema. Nilisoma sura moja, siku nyingine nusu. Siku ya tatu mama akaniambia, "Dativa, nani amekufundisha kusoma kama mtu anayepanda mlima na mzigo?" Nikadanganya kwamba koo linauma. Akatabasamu kwa namna ambayo sikuipenda, akasema: "Sawa. Polepole inamfaa na yeye."

Huyo yeye ni yule mgeni wa mlangoni. Kila jioni kabla ya kusoma mama ananiagiza nilete kikapu cha akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna. Anachukua punje moja, anaweka mdomoni kuonyesha haina sumu, kama desturi ya kumkaribisha mtu, kisha ananiambia nikiweke kikapu mbele ya kile kiti. Najisikia mjinga kaka, lakini naweka. Halafu nasoma, na nahisi kabisa kwamba tunaosikiliza ni watatu.

Juzi asubuhi nilifagia. Chini ya kiti nikakuta makapi ya kahawa yaliyotafunwa. Mama hana jino hata moja, ile punje huinyonya tu na kunirudishia. Mimi kahawa situmii, wajua tumbo langu. Mlango ninaufunga mwenyewe kwa komeo.

Jana wakati nasoma kuna mtu alikohoa. Si mama, nilikuwa namtazama. Kilikuwa kikohozi cha mwanamume, kifupi, cha kujizuia, kama anayekohoa kanisani. Nilitaka kukimbilia kwa Protase lakini mama akanishika gauni. Akasema, "Endelea, omwana wange. Usimwogope. Yeye ndiye anayeogopa."

Tunaelekea kumaliza Luka. Najua ni nani anayewajia wazee namna hiyo, hata wewe unajua. Amekuja kumchukua, na anasubiri tumalize. Nitafanya nini? Mama huyu ndiye pekee niliyebaki naye hapa. Sitaki aende.

Dativa

*

Nyanga
Jumapili, 25 Februari 2024

Dativa mdogo wangu,

Usishangae mwandiko. Anaandika Nasma, mimi nasema. Kidole kimoja kinanisumbua. Nasma anakusalimu, anasema ni ajabu Mwislamu kuandikia Wakatoliki barua ya Biblia, lakini jirani ni jirani.

Nimefikiri sana juu ya shida yako na nimepata dawa. Ile Biblia ya babu ni ya Walutheri. Haina vitabu vyetu vyote. Sisi Wakatoliki tuna saba zaidi: Tobiti, Yudithi, Makabayo vyote viwili, Hekima, Yoshua bin Sira, na Baruku. Mama hawezi kusema amemsikia Mungu mzima wakati ameruka vitabu saba, na huyo mgeni wenu hawezi kudai kitabu kimeisha. Nimeinunua yetu hapo mjini, kubwa, ya maandishi makubwa. Mwambie mama mmegundua upungufu, mrudi nyuma mvisome kwanza. Yoshua bin Sira peke yake atawaweka miezi. Cheka ukitaka. Sijawahi kufurahia wingi wa vitabu kama juzi nilipokuwa nafungua kurasa zile dukani.

Na baada ya hapo msikimbie. Hasa pale pa Lazaro palikuwa pazuri, ulipofika pale ambapo Yesu alilia ukanyamaza kidogo. Pasome tena.

Kuhusu yule anayekaa mlangoni, usiogope. Pengine naye anatafuta tu mahali pa kusikiliza.

Kaka yako,
Evarist

*

Ijumbi
Jumapili, 30 Juni 2024

Kaka Evarist,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu nimeanza barua hii mara nyingi na kuichana. Pasaka imepita hukuja. Harusi ya binti wa Protase imepita hukuja. Maharage tumevuna, mama alipata homa ikapita. Watu wameacha kuuliza habari zako, na hilo linaniuma kuliko walipokuwa wanauliza.

Biblia ilifika. Mama aliipima mikononi, akacheka mpaka machozi. "Evarist huyu," akasema, "hata Mungu anataka kumwongezea kipindi." Lakini alikubali. Tukarudi nyuma, tukaanza na Tobiti. Mzee kipofu, mwanawe yuko safarini, na nyumbani hawajui kama yu hai. Mama aliniomba niirudie tena na tena, mpaka nikaichukia. Wiki hii tumemaliza vyote saba, kesho tunarudi kwa Yohana tulipoachia.

Hivi vitabu vimenifanyia kitu, kaka. Nilidhani navisoma kupoteza muda. Sasa najikuta shambani nimeshika jembe nazungumza na Mungu kama naongea na mtu wa pale pale. Sikuwahi kusali hivyo. Zamani nilikuwa namwamkia tu na kupita. Namwomba asimchukue mama, na nahisi ananisikiliza bila kujibu.

Sasa nijibu wewe. Barua yako ilisema kwa Lazaro nilinyamaza pale Yesu alipolia. Ni kweli nilinyamaza. Lakini sikukuandikia hivyo. Barua yangu ilikuwa imefika Luka. Mama hashiki simu, na jioni ile tulikuwa wawili tu na kile kiti. Nani alikwambia?

Na kiti kimesogea. Mlangoni hakipo tena, kiko hapa kati, karibu na taa. Mama anasema nisikirudishe, mgeni anasikia baridi. Kikohozi nimekizoea, lakini jana kilidumu sana na nikajikuta nataka kumpa maji. Nilishtuka mwenyewe. Kwa nini nimwonee huruma anayekuja kumchukua mama yangu?

Nasma, kama ni wewe unayemsomea barua hii, niandikie kaka yangu ana nini.

Dativa

*

Nyanga
Jumapili, 15 Septemba 2024

Dativa mdogo wangu mpenzi,

Nasma amekataa kuandika uongo mwingine, kwa hiyo leo anaandika ukweli.

Huku mvua bado. Hussein amenitengenezea kitanda karibu na dirisha ili nione migomba yangu. Salamu zimeisha.

Figo zangu zimeacha kazi. Nilijua kabla hujaandika barua ya kwanza. Nilipelekwa Mwanza kusafishwa damu, nikaenda na kurudi, kisha nikachoka nikaacha. Sikusema, maana ningesema mngekuja, na mama angenishika uso kwa mikono yake na kunijua. Siwezi kusimama tangu mwishoni mwa Kwaresima. Watu wanadhani nimewadharau, na niliona afadhali hivyo.

Sasa usiogope kwa nitakayosema. Kila jioni, giza linapoanza, nakuwa nimelala hapa na ninakusikia ukisoma. Si ndoto, Nasma ananiona macho wazi. Kwanza nilisikia kwa mbali, kama mtu aliye nje ya mlango. Siku hizi ni karibu, hata moto nausikia. Jana ulisoma Waefeso, moshi ukakuingia, ukaanza sura upya. Na asubuhi mdomo wangu una ladha ya akamwani, mimi niliyekatazwa kahawa. Mnaweka majani ya viungo mengi mno wakati wa kuichemsha.

Kiti kile ni changu, Dativa. Uliponiuliza mfanye nini, nilikwambia upunguze mwendo kwa ajili ya mama, na nadhani nilikuwa nakudanganya wewe na kujidanganya mimi mwenyewe. Nilipofungua Biblia ile dukani nilikuwa najinunulia siku.

Nilifundisha dini darasani nusu ya maisha yangu na sikuwahi kusoma Neno kama njaa. Nililijua kama ninavyojua majedwali ya hesabu. Ni sauti yako iliyonisomea. Nimekaribia kiasi kwamba sasa hofu imepungua, maumivu ndiyo yamezidi. Kwa hiyo nakuomba: msinirefushie tena. Someni kwa mwendo wenu, mfike mwisho. Nataka kusikia linavyoisha. Na mama usimwambie.

Kaka yako,
Evarist

Mimi Nasma naongeza, shangazi shikamoo. Haya yote ni kweli na mimi nalia.

*

Ijumbi
Jumatatu, 25 Novemba 2024

Kaka Evarist,

Barua hii anakuletea Apolinary wa jumuiya yetu, na gari lake litakungoja. Isome ukiwa umekaa. Nimemkataza kila mtu asikupigie simu, kwa sababu nilitaka usikie kutoka kwangu, na kwa utaratibu. Nasma naye hajui.

Barua yako nilipewa mwezi wa kumi. Niliisomea kibanjani, nikakaa chini kwenye matope nikalia. Nilikukasirikia kaka, bado nimekukasirikia kidogo. Niliporudi ndani mama aliniuliza, "Amekwambia?"

Alijua. Alijua toka siku ya Malaki. "Mtoto wangu namjua kwa kukohoa kwake," akasema. Nikamuuliza mbona basi alisema yeye ndiye atakayeondoka. Akasema: "Sikusema mimi. Nilisema mtu wa nyumba hii. Ninyi ndio mlionihesabu mimi kwa kuwa ni mzee." Kaka, ni kweli. Nilirudi kwenye kumbukumbu zangu nikatafuta, sikupata mahali popote aliposema ni yeye.

Basi nilifunga Biblia. Nikasema sisomi tena, isipoisha hafi mtu. Wiki nzima jioni ikifika tulikaa bila kusoma, na kiti kilikuwa kinalia, kama mtu anayekaa na kusimama, anakaa na kusimama. Kisha Nasma akanitumia meseji kwamba jioni unahangaika kitandani ukiuliza mbona hawasomi, mbona hawasomi. Nikaona ninakutesa. Nikafungua kitabu tena.

Jana ilikuwa sikukuu ya Kristo Mfalme, na tulikuwa tumebakiza sura ya mwisho ya Ufunuo. Mama alikuwa hana ugonjwa wowote. Alikula vizuri, akamtania Protase baada ya misa kwamba anaimba kama mlango. Jioni aliniomba nimwogeshe, akavaa gomesi yake ya bluu. Kisha akasema nimwongoze mpaka kwenye kiti cha mgeni.

Nilikataa. Nikamwambia pale kuna mtu. Akasema, "Najua aliyepo. Nimemzaa." Akaja mwenyewe, anapapasa, mpaka akakifikia kiti. Akanyoosha mkono hewani, hapo ambapo kichwa cha mtu aliyeketi kingekuwa, akaushusha taratibu kama anayempapasa mtoto. Akasema, "Pisha, mwanangu. Umesikiliza vya kutosha. Hapa ni pangu."

Nilisikia mtu akiinuka. Niamini au usiniamini. Nilisikia kiti kikilegea, na hatua za miguu mizito zikienda mlangoni, na komeo likiwa limefungwa. Mama akakaa.

Nikapiga magoti nikamsihi. Nikamuuliza ana haki gani ya kubadilisha mtu wa kuondoka. Nitakuandikia alivyojibu kwa maneno yake, kwa sababu nitaishi nayo: "Mtu usiyemjua humwombi jambo kubwa, unamwomba chumvi tu. Mungu nilimjua kwa vipande, nikamwomba kwa vipande. Sasa nimemsikia mzima, na hasira yake, na machozi yake, na mwanawe. Nimemjua. Nimemwomba hili kila jioni ulipokuwa unadhani nasinzia. Soma, Dativa."

Nikasoma. Mistari mingine niliirudia na yeye akaningoja. Sikusikia kikohozi. Nilipofika amina ya mwisho nilibaki naitazama karatasi tu, nikiogopa kuinua macho. Nilipoinua, alikuwa ameondoka, mikono yake imelala magotini.

Leo alfajiri, kabla habari haijatoka nje ya jumuiya yetu, Kyaruzi alikuwa amewahi kushusha ndizi huko Nyanga. Amerudi saa hii, ameona watu uani kwetu, ameshangaa. Anasema alipita kwako akakukuta nje, umesimama bila kushikwa, unanawa uso, unamwambia Nasma una njaa. Alifikiri tutafurahi kusikia.

Kaburi linachimbwa kibanjani, kando ya la baba. Padri atakuja kesho saa nane. Najua utataka kulia kwanza, na utataka kusema hukustahili. Hakutuuliza. Usiniandikie kwamba miguu haiwezi. Vaa viatu, panda gari, njoo umzike mama yako.

Dativa